Diski ya nje ya 4TB: Pi inaiona, Nextcloud inagoma

pichaSinza

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada, maana maelekezo niliyoyakuta mtandaoni kila mmoja anaanzia katikati, kana kwamba mwanzo kila mtu anaujua.

Nina studio ndogo ya picha Sinza, maeneo ya Mori. Kazi zetu ni harusi, sendoff, kipaimara, na siku hizi kicheni pati kuliko vyote. Nilichoka kuwatumia wateja picha kwenye simu zikawafikia zimefifia, halafu lawama zinarudi kwa mpiga picha. Nikaweka Nextcloud, programu ya kuhifadhi na kugawa mafaili kwenye seva yako mwenyewe, kwenye Raspberry Pi 4 ya RAM 4GB, ile kompyuta ndogo inayotumia Linux. Iko juu ya kabati la lenzi, imeungwa na ruta kwa waya, na mteja akipewa kiungo anashusha picha zake mwenyewe. Nextcloud iko ndani ya Docker, ile inayoendesha programu ndani ya kontena lililotengwa, nilifuata video moja hivi.

Shida ni nafasi. Pi inatumia kadi ya memori ya 128GB. RAW moja (picha ghafi) ya kamera yangu ni MB 25 hadi 30, na harusi ya Jumamosi inatoka na RAW elfu mbili na ushee. Pigeni hesabu wenyewe. Sasa hivi kadi imejaa hadi ukurasa wa kuingilia unafunguka kwa kubembelezwa.

Nimenunua Kariakoo diski ya nje ya 4TB, ile ndogo ya inchi 2.5 isiyo na waya wake wa umeme. Imefomatiwa kwa mpangilio wa exFAT kwa sababu kijana wangu wa kuhariri anatumia Mac na mimi Windows, inasoma kote. Nimeichomeka kwenye tundu la bluu, Pi ikaiona papo hapo, ikatokea kwenye /media/studio/PICHA. Nikaingia Nextcloud kama admini, nikawasha programu ya External storage support, nikachagua Local, nikaandika hiyo njia. Inaleta alama nyekundu, na haisemi kwa nini.

Nikasoma mahali kwamba mwenye folda lazima awe mtumiaji anayeitwa www-data. Nikapiga amri ya kubadili mwenye folda, kwa sudo, yaani kwa mamlaka ya admini:

sudo chown -R www-data:www-data /media/studio/PICHA
chown: changing ownership of '/media/studio/PICHA': Operation not permitted

Nina sudo, bado naambiwa sina ruhusa. Ruhusa ya nani tena?

La mwisho: kuna wanaosema nisihangaike na External storage, nihamishie data yote ya Nextcloud kwenye diski basi. Lipi bora kwa mtu ambaye mtaani kwake umeme unakatika bila hodi? Msinitume kusoma nyaraka jamani, bi harusi anasubiri albamu.

kijanaWaKodi

Piga sudo chmod -R 777 hiyo folda, zima Pi, washa. Maisha yanaendelea.

FundiAggrey

Mkuu wa 777, hiyo dawa hapa haina hata mgonjwa. exFAT haina mahali pa kuandika nani mwenye faili na nani aruhusiwe nini. Haimjui www-data, haimjui studio, hata root, mtumiaji mkuu wa mfumo, haimjui. Ndiyo maana dada kapiga chown kwa sudo akarudishwa: hakunyimwa, ila kitu anachotaka kukibadilisha hakipo kwenye diski. Na chmod itagonga mwamba huohuo. Kwenye exFAT ruhusa zinapangwa mara moja tu, pale diski inapopandishwa (mount, yaani kuunganishwa na folda ya mfumo), na haziguswi tena mpaka uishushe. Halafu hata ingekuwa inawezekana, 777 kwenye picha za harusi za watu ni sawa na kusema yeyote aliyeingia kwenye hiyo Pi afanye atakalo.

Dada pichaSinza, pole na hongera kwa pamoja. Shida zako ni mbili, zimelaliana.

Ya kwanza ni hiyo /media/studio. Inatengenezwa na desktopu ya Pi unapochomeka diski, na mfumo unaifunga kwa mtumiaji mmoja, studio. www-data, ambaye ndiye Nextcloud anayetumia jina lake, anarudishwa mlangoni hata kabla hajaiona folda ya PICHA. Tena upandishaji wa namna hiyo unategemea kuwe na mtu kwenye desktopu. Umeme ukirudi saa nane usiku, hujui diski imepanda au haikupanda.

Ya pili ni Docker. Kontena ni kama mpangaji: anaona chumba chake tu, sebule ya mwenye nyumba haimhusu mpaka afunguliwe mlango. Wewe umeandika /media/studio/PICHA ndani ya Nextcloud, na Nextcloud akaitafuta hiyo njia ndani ya kontena lake. Humo haipo kabisa. Kwa hiyo hata ungefanikiwa na hiyo chown, nyekundu ingebaki palepale.

Nitumie matokeo ya lsblk -f (orodha ya diski) na faili lako la compose lenye mipangilio ya Docker, nywila uzifute kwanza. Na unijibu hili kabla ya yote: picha zilizomo kwenye hiyo diski zina nakala sehemu nyingine, au ndizo hizohizo?

pichaSinza

Asante kaka. Zina nakala kwenye laptopu na kwenye diski ya zamani ya 1TB, kwa hiyo hata ikifutwa sipotezi kitu. Haya:

NAME        FSTYPE  LABEL   UUID        MOUNTPOINTS
sda
└─sda1      exfat   PICHA   6A3F-91C2   /media/studio/PICHA
mmcblk0
├─mmcblk0p1 vfat    bootfs  ...         /boot/firmware
└─mmcblk0p2 ext4    rootfs  ...         /

Na compose, sehemu ya Nextcloud:

  app:
    image: nextcloud
    restart: always
    ports:
      - 8080:80
    volumes:
      - nextcloud:/var/www/html

Nyingine ni MariaDB, databesi ya Nextcloud, sijaigusa. Halafu nina swali la uchungu: nikipiga lsblk tupu inasema 3.6T. Nililipia 4. Wameniuzia feki?

FundiAggrey

Hawajakupunja. Mtengenezaji anahesabu TB moja kuwa baiti trilioni moja, Linux inahesabu kwa vipimo vya 1024. Nne ya kiwandani ni 3.6 ya lsblk, dunia nzima. Diski feki za Kariakoo zipo, lakini zile hukuonyesha ukubwa wote ulioandikwa bila aibu, halafu zinaanza kula mafaili ukishapita kiasi fulani. Kama una wasiwasi, kuna programu ya F3 kwenye Linux: inaijaza diski kisha inasoma tena kuhakiki. Kwa 4TB utaiacha inafanya kazi muda mrefu sana, ila ni mara moja.

Sasa kazi yenyewe. Maadam una nakala, achana na exFAT. Haina jarida la mabadiliko, yaani kumbukumbu ya kilichokuwa kinaandikwa. Umeme ukikata katikati ya kuandika, inaweza kubaki na orodha ya mafaili iliyovurugika, na kwa mtaa wako hiyo ni ajali ya kusubiri tarehe tu. ext4 inalo jarida, ikiwaka inajisawazisha yenyewe, na inajua wenye mafaili. Kijana wako wa Mac hataweza kuichomeka diski kwake moja kwa moja tena, hilo nitalirudia.

Ishushe, kisha uifomati:

sudo umount /media/studio/PICHA
sudo mkfs.ext4 -m 0 -L PICHA /dev/sda1

Kwenye Pi kuchanganya ni vigumu kwa sababu kadi inaitwa mmcblk0 na diski ya USB inaitwa sda, lakini soma tena kabla hujabonyeza. Hiyo -m 0 usiiache. ext4 kwa kawaida hutenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya root. Kwenye kadi ya mfumo ni jambo jema. Kwenye 4TB ya picha ni 200GB zimekaa bure, yaani harusi tatu nne.

Baada ya hapo UUID, namba ya utambulisho wa diski, itabadilika na kuwa ndefu. Ichukue kwa sudo blkid /dev/sda1, tengeneza folda kwa sudo mkdir /mnt/picha, kisha mwishoni mwa /etc/fstab, orodha ya diski za kupandisha Pi inapowaka, ongeza mstari mmoja:

UUID=weka-yako-hapa /mnt/picha ext4 defaults,noatime,nofail,x-systemd.device-timeout=30s 0 2

Tumia UUID, usitumie /dev/sda1, maana siku ukichomeka na flashi majina yanaweza kupishana. nofail ni ya kuiruhusu Pi iwake hata kama diski haipo. Bila hiyo, siku diski imechomoka utapanda kabatini na kibodi na skrini kutafuta kwa nini Pi haijibu. Hizo sekunde 30 ni kikomo cha kuisubiri diski, maana ya kuzunguka inachukua muda kuamka.

sudo systemctl daemon-reload
sudo mount /mnt/picha
sudo chown www-data:www-data /mnt/picha
sudo chmod 770 /mnt/picha

Safari hii chown itakubali. www-data kwenye Pi ni namba 33, na ndani ya taswira (image, kifurushi kinachozaa kontena) ya kawaida ya nextcloud ni 33 vilevile, hivyo pande zote mbili wanaelewana. Wenye taswira ya alpine waangalie: huko www-data ni 82, na jina likifanana namba zikatofautiana, Linux inafuata namba.

Kisha mfungulie mpangaji mlango. Kwenye volumes za app ongeza:

      - /mnt/picha:/mnt/picha

Upande wa kushoto ni njia kwenye Pi, wa kulia ni njia ndani ya kontena. Si lazima zifanane, ila zikifanana kichwa hakiumi. Maliza na docker compose up -d.

Na kabla hujarudi kwenye ukurasa wa Nextcloud, pima kwa mkono:

docker compose exec -u www-data app touch /mnt/picha/jaribio

Ikikaa kimya, umemaliza sehemu ngumu. Ikisema Permission denied, rudi kwenye chown. Ikisema No such file or directory, rudi kwenye compose. Wengi wanakimbilia kubonyeza-bonyeza kwenye Nextcloud na kuangalia rangi. Rangi haikwambii kitu, huu mstari mmoja unakwambia mlango gani umefungwa.

pichaSinza

Imekaa kimya! Nikaweka /mnt/picha kwenye External storage, ikaja kijani. Kaka wewe ni mtu.

Ila mawili. Nimenakili folda za harusi za zamani moja kwa moja kwenye diski nikiwa kwenye Pi, na Nextcloud inaonyesha baadhi tu. Na nikitaka kumpa mteja kiungo cha folda iliyoko kwenye hiyo diski, kitufe cha kushiriki hakipo kabisa. Zile za kwenye kadi kipo.

dadaSeva

Hayo mawili nayajibu mimi, Fundi apumue.

Kiungo: kwenye ule mstari wa hifadhi uliouongeza, upande wa kulia kuna vidoti vitatu. Ndani yake weka tiki kwenye Enable sharing. Hifadhi iliyowekwa na admini inaanza ikiwa imezimwa kushiriki. Hapo hapo angalia pia nani ameruhusiwa kuiona. Ukiacha wazi, kila mwenye akaunti kwenye Nextcloud yako anaona harusi zote. Weka wewe na kijana wako tu. Picha za watu ni taarifa zao binafsi, na sheria ya kuzilinda tunayo tangu 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Mteja mmoja akikuta za mwenzie humo, utajieleza.

Mafaili yasiyoonekana: Nextcloud haisomi diski kila sekunde, inasoma orodha iliyojiwekea kwenye MariaDB. Ulichokinakili kwa mlango wa nyuma haikijui mpaka ikipitie. Kwenye vidoti hivyohivyo hakikisha Check for changes haiko kwenye Never. Kwa mzigo mkubwa kama wako, iamrishe mwenyewe:

docker compose exec -u www-data app php occ files:scan --path="studio/files/PICHA"

Hiyo studio ni jina lako la kuingilia Nextcloud, na PICHA ni jina ulilolipa hifadhi, siyo njia ya /mnt. Watu wengi wanakwama hapo.

Sasa swali langu kwako. Hiyo Pi inakula umeme kutoka adapta gani? Umesema diski haina waya wake, kwa hiyo inanyonya kwenye Pi. Pi 4 inatoa jumla ya ampia 1.2 tu kwa matundu yote manne ya USB, na diski ya kuzunguka inavuta zaidi pale inapoanza kuzunguka. Ukiwa na chaja ya simu hapo, utaona vioja: diski inapotea katikati ya kunakili na kurudi ikiitwa sdb. Piga vcgencmd get_throttled utupe jibu.

pichaSinza

throttled=0x50000. Adapta ni ya simu, ndiyo.

dadaSeva

Basi tangu ilipowaka, umeme umeshashuka chini ya kiwango angalau mara moja, na Pi ikajipunguza kasi. Jibu zuri ni 0x0. Tafuta adapta ya volti 5.1 ampia 3 iliyotengenezwa kwa ajili ya Pi 4, na diski uipitishie kwenye habu ya USB yenye umeme wake. Pi na habu vyote viwili viwe nyuma ya UPS, pamoja na ruta. Ukiweka Pi kwenye UPS na habu ukaiacha ukutani, LUKU ikiisha diski inazima huku Nextcloud bado inaandika. Heri vizimike vyote pamoja.

Na hapo juu ya kabati, joto la Februari la Dar unalijua. Ishushe mahali panapopita hewa.

rootMbagala

Naomba nipinge kidogo. Mimi ningehamisha datadirectory, yaani folda kuu ya data ya Nextcloud, yote iwe kwenye diski, kazi ikaisha. External storage ina usumbufu wa kupitia mafaili kila mara. Na kuna kinga ambayo Fundi hakuitaja: Nextcloud ikiwaka inatafuta faili dogo lililofichwa ndani ya folda ya data, .ocdata, kwenye matoleo mapya .ncdata. Isipoliona inakataa kufanya kazi. Diski ikiwa haijapanda, mfumo unasimama, hauandiki kwenye folda tupu. Kwenye External storage ya Local kinga hiyo haipo. Diski isipopanda, /mnt/picha inabaki folda ya kawaida kwenye kadi, na Nextcloud itaijaza kwa furaha huku dada akidhani picha zimeingia kwenye 4TB.

FundiAggrey

Root, hoja ya folda tupu ni ya kweli na nilikuwa nakuja huko. Kwenye Docker ni mbaya zaidi ya ulivyosema. Kontena likiwaka kabla diski haijapanda, linashika ile folda tupu. Diski ikipanda baadaye, wewe ukiwa kwenye Pi unaiona, kontena halioni mpaka uliwashe upya. Mtu anaweza kukaa nayo hivyo hata wiki bila kujua, mpaka kadi ijae.

Dawa zipo mbili na ninaziweka zote. Kwanza, Docker isiwake bila diski:

sudo systemctl edit docker

Andika humo:

[Unit]
RequiresMountsFor=/mnt/picha

Diski isipopatikana, Docker haiwaki, ukurasa haufunguki, utajua asubuhi hiyohiyo. Napenda mfumo unaogoma waziwazi kuliko unaoitikia huku unaharibu.

Pili, shusha diski, kisha uifunge ile folda yenyewe iliyo chini yake:

docker compose stop
sudo umount /mnt/picha
sudo chattr +i /mnt/picha
sudo mount /mnt/picha
docker compose start

Hiyo +i imefunga folda tupu ya kwenye kadi, hakuna anayeweza kuandika humo, hata root. Diski ikipanda juu yake haihusiki, unaandika kama kawaida.

Ila kuhamisha datadirectory yote kwa dada, hapana. Diski ya inchi 2.5 ya kuzunguka, kwenye USB, ndiyo ibebe kila kitu: vijipicha, logi, mafaili ya kila mtumiaji? Itakuwa inazunguka saa 24. Na siku ikifa, Nextcloud nzima imekufa nayo. Kwenye External storage ikifa unachomoa, unaweka nyingine, Nextcloud yenyewe imesalimika. Tena folda zake zinabaki na majina aliyoyapa mwenyewe, anaweza kunakili harusi kutoka kwenye kadi ya kamera moja kwa moja bila kupitia ukurasa. Ndani ya datadirectory huruhusiwi kuchezacheza kwa mkono namna hiyo.

rootMbagala

Sawa, lakini mwambie na la kapu la taka.

FundiAggrey

Hilo ni kweli linauma. Dada, ukifuta faili la kwenye 4TB kupitia Nextcloud, haliondoki palepale. Linahamishiwa kwenye kapu la taka la aliyelifuta, na kapu hilo liko kwenye folda ya data, yaani kwenye kadi yako ya 128GB. Ukifuta harusi nzima ya 50GB kwa kubonyeza mara moja, Pi itaanza kuzisafirisha zote kuja kwenye kadi. Utaona imeganda, halafu utaona kadi imejaa, na utadhani diski ndiyo mbovu. Kwa kufuta vitu vikubwa, futa kwa mkono kwenye Pi, kisha upitishe ile occ files:scan. Kapu likishajaa:

docker compose exec -u www-data app php occ trashbin:cleanup --all-users

Vijipicha navyo vinakaa kwenye folda ya data, hata vya picha zilizoko kwenye diski ya nje. Kwa hiyo kadi itaendelea kukua polepole. Hapo nakubaliana nusu na Root: ukipata hela, nunua SSD ndogo, mfumo na MariaDB na folda ya data vihamie huko. Kadi ya memori haikuumbwa kwa kuandikwa mchana kutwa na databesi. Hiyo 4TB ibaki ghala la picha tu.

winguTu

Kwa nini mnajitesa hivyo? Kwenye orodha ileile ya External storage kuna Amazon S3, hifadhi ya kulipia ya mtandaoni. Unalipia unachotumia, umeme ukikatika si shida yako.

FundiAggrey

Ipo, na inafanya kazi. Ila kituo cha karibu cha S3 barani ni Cape Town, walifungua 2020. Harusi ya 50GB ipande kutoka Sinza mpaka Cape Town, halafu bi harusi wa Tabata akitaka picha zirudi kwanza kwenye Pi ya Sinza ndipo zimfikie. Na kushusha data kutoka S3 kunalipiwa. Kwa nakala ya akiba ya JPG zilizohaririwa, sawa. Kwa RAW za kila wiki, bando litalia.

pichaSinza

Nimefuata yote mpaka chattr. Nikazima Pi, nikachomoa diski makusudi, nikawasha: ukurasa haufunguki, kama Fundi alivyosema. Nikachomeka, nikawasha tena, kila kitu kipo. Adapta naifuata kesho mjini, na habu.

Limebaki la kijana wa Mac. Ananiuliza atahariri vipi na diski haichomeki kwake tena. Yeye anafungua RAW moja kwa moja kutoka kwenye diski, hataki kushusha kwanza.

dadaSeva

Weka Samba, programu ya kushirikisha folda kwenye mtandao wa ndani, kwenye Pi, ushiriki hiyohiyo /mnt/picha. Mac inaiona kwenye Finder, na wewe unaiona kwenye Windows. Pi 4 ina gigabiti halisi kwenye tundu la waya, kwa hiyo naye achomeke waya kwenye ruta. Kwa Wi-Fi ya studio atachoka na atakuchosha. Kitu kimoja tu: kwenye mpangilio wa hiyo folda ndani ya smb.conf weka force user = www-data. Usipoweka, mafaili atakayohifadhi yatakuwa ya kwake, na Nextcloud itarudi kukuambia haina ruhusa. Alichohariri kitaonekana Nextcloud ukifungua folda, au ukipitisha scan.

Na ile diski yako ya 1TB usiiuze. Hii 4TB ni moja, siyo nakala. Albamu zilizokamilika zipeleke huko kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, kila ukimaliza kazi, halafu ichomoe, ikae nyumbani siyo studio.

pichaSinza

Sawa dada, leo hiihii. Force user nimeiandika kwenye karatasi nimebandika ukutani.

mgeniKigamboni

Wakuu samahani kudandia uzi. Mimi yangu niliiweka kwa snap, vifurushi vya programu vya Ubuntu, hizo compose sina. Diski iko /mnt/data na inakataa vilevile.

dadaSeva

Snap ina kufuli lake. Ifungulie:

sudo snap connect nextcloud:removable-media

Diski lazima iwe chini ya /mnt au /media, na yako iko sawa. Ikigoma bado, fungua uzi wako utuwekee lsblk -f.